Maswali ya Wasomaji: Mtoto Yupo Darasa la Nne na Kusoma Hajui

Barua tatu za mwezi huu zinahusu usomaji wa watoto katika skuli za serikali. Nimezijibu pamoja.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, assalamu alaykum. Mimi ni mjumbe wa kamati ya skuli katika Wilaya ya Micheweni, Pemba. Wanafunzi wetu wengi hufika darasa la nne, na baadhi yao la tano, bila ya kuweza kusoma aya fupi ya Kiswahili wakaielewa. Katika kikao kimoja yalitolewa mapendekezo mawili: kuongeza mitihani ya majaribio na kuanzisha twisheni za jioni kwa darasa la sita. Naona kama tunaanzia mwisho. Wilaya isiyo na fedha nyingi ianzie wapi?
Mjumbe, Micheweni

JIBU: Wa alaykumu ssalaam, ndugu mjumbe. Wasiwasi wako una msingi. Mtihani wa majaribio humpa mtoto karatasi asiyoweza kuisoma, kisha humwandikia kwamba ameshindwa Jiografia. Twisheni ya darasa la sita nayo huwafaa zaidi wale ambao kusoma tayari wanajua.

Ningeanza kwa kumsikiliza kila mtoto. Mwalimu akae na mwanafunzi mmoja mmoja kwa dakika chache, amwekee mbele silabi, kisha maneno, kisha sentensi, kisha hadithi fupi, na aandike pale anapokwama. Jambo hili lifanywe kwa darasa la tatu hadi la sita katika skuli zote za wilaya, kwa karatasi ya aina moja, na majibu yakusanywe kwa idadi ya watoto waliomo katika kila ngazi. Nasisitiza kwamba skuli zisipangwe ya kwanza na ya mwisho, kwa sababu skuli inayoogopa kushika mkia itawakaririsha watoto ile hadithi ya kupimia, na wilaya itabaki na takwimu nzuri za watoto wasiojua kusoma.

Baada ya hapo, itengwe saa moja kila siku ambayo watoto hupangwa upya kwa kiwango chao cha kusoma, bila ya kujali darasa. Taasisi ya Pratham, iliyoanzia Mumbai nchini India katika miaka ya 1990, imejulikana duniani kwa njia hii, nayo haihitaji jengo jipya. Anayekwama kwenye silabi husoma silabi hata kama yupo darasa la tano, na akiziweza huhamishiwa kundi la maneno wiki hiyo hiyo, bila ya kusubiri mwisho wa muhula. Kwa Pemba njia hii ina faida ya pekee. Mtoto aliyefuatana na wazee wake dago, yaani kambi ya wavuvi, au aliyekosa masomo katika msimu wa karafuu, akirudi hupokelewa pale alipoachia, ilhali darasa la kawaida huwa limeshasonga mbele na kumwacha.

Lugha yetu yenyewe inasaidia. Ina irabu tano, na maneno yake husomwa karibu kama yanavyoandikwa, kwa hiyo mtoto akishaziweza silabi nyepesi amebakiwa na sehemu ndogo. Sehemu hiyo ndogo, hata hivyo, ndiyo inayopitiwa mbio: mbwa, nywele, ngwena, na tofauti ya ngoma na ng'ombe. Mtoto anayebahatisha hapo atabahatisha kila ukurasa.

Walimu hawataweza peke yao. Katika mpango wa kufundisha kusoma wa Tusome, ulioanza nchini Kenya mwaka 2015, maofisa wa elimu walikuwa wakiingia darasani, wakiangalia somo la kusoma, wakiwasikiliza watoto wachache, kisha wakizungumza na mwalimu juu ya walichokiona. Na kila mtoto alipewa kitabu chake. Pemba ina vituo vya walimu, kama vile Michakaini huko Chake Chake na Mitiulaya huko Wete, ambavyo vinafaa kwa mafunzo ya namna hii. Ofisa anayekagua andalio la somo, akasaini kitabu cha wageni na kuondoka, bado hajamsaidia mtu. Vitabu navyo vitolewe. Vilivyofungiwa kabatini kwa kuogopa kuchanika havina faida, na mimi ningeona bora vichanike mikononi mwa watoto.

Muda haupo mwingi. Sera ya Elimu ya Zanzibar ya mwaka 2006 iliagiza Hisabati na Sayansi zifundishwe kwa Kiingereza kuanzia darasa la tano. Mtoto asiyesoma lugha anayoizungumza nyumbani atasomaje sayansi kwa lugha asiyoisikia mtaani?

SWALI: Mwanangu ana umri wa miaka minane. Asubuhi huenda chuoni kusoma Kur-ani, na mchana huenda skuli. Mwalimu wake ananishauri nimpunguzie chuo kwa sababu kusoma kwake ni kuzito. Nifanye nini?
Mama, Mkoani, Pemba

JIBU: Usimwachishe chuo, mama. Huko ameshajifunza kwamba alama huwakilisha sauti, na jambo kubwa zaidi ni kwamba chuoni kila mtoto husoma mbele ya mwalimu wake na hurekebishwa papo hapo, nafasi ambayo katika darasa lililojaa la skuli huenda asiipate kwa wiki nzima. La kuangalia ni hili: mtoto huizoea Kur-ani kwa matamshi kabla ya kujua maana yake, na anaweza kukisoma Kiswahili kwa mtindo huo huo. Kila anapomaliza ukurasa, muulize nani amefanya nini. Kuhusu uchovu, zungumza na mwalimu wa chuo ili apate muda wa kula na kupumzika kabla ya mkondo wa mchana.

SWALI: Mfadhili anataka kuipatia skuli yetu vishikwambi vya kufundishia kusoma. Tuvipokee?
Mwalimu, Kaskazini Unguja

JIBU: Vipokeeni, mwalimu, kwa masharti. Ng'ambo yetu, mkoani Tanga, shindano la Global Learning XPRIZE lilivijaribu vishikwambi vyenye programu za Kiswahili katika vijiji vipatavyo 170, kwa watoto wengi ambao hawakuwa wakienda skuli, na walipiga hatua katika kusoma. Lakini programu zile zilitungwa kwa ajili ya mtoto anayeanza na herufi, na vijiji viliwekewa umeme wa jua wa kuchajia. Muulizeni mfadhili wenu kama programu zake ni za Kiswahili, zinafanya kazi bila ya intaneti, na nani atavitengeneza vikiharibika. Akishindwa kujibu, mwombeni fedha hizo azinunulie vitabu vya hadithi vya darasa la kwanza na la pili.