Maswali na Majibu: Mbunge wa Kanada Akihama Chama, Kiti Ni cha Nani?

Jenica Atwin alichaguliwa Oktoba 2019 kuwa mbunge wa Fredericton, mji mkuu wa mkoa wa New Brunswick huko Kanada, kwa tiketi ya Chama cha Kijani. Tarehe 10 Juni 2021 alitangaza kwamba anahamia Chama cha Kiliberali, kilichokuwa madarakani chini ya Justin Trudeau, na kesho yake aliamka akiwa bado mbunge wa Fredericton. Kisa hicho nilikigusia kwa ufupi katika safu iliyopita, na maswali yaliyofuata ni mengi kiasi kwamba nimeyatengea safu nzima.

Msomaji wa Morogoro: Hapa kwetu mbunge akihama chama anapoteza ubunge. Iweje huyu abaki na kiti?

Alibaki nacho kwa sababu mbele ya sheria ya Kanada aliyechaguliwa ni mtu, si chama. Sheria ya Katiba ya mwaka 1867, ambayo ndiyo iliyoliunda Bunge lao, haivitaji vyama vya siasa hata mara moja, na majina ya vyama hayakuandikwa kwenye karatasi za kura za uchaguzi wa shirikisho hadi uchaguzi wa mwaka 1972. Kwa zaidi ya miaka 100, basi, Mkanada aliyeingia kupiga kura alikuta jina la mgombea, na habari za chama chake ilimbidi azijue mwenyewe kabla ya kufika kituoni.

Katiba ya Tanzania imejengwa kwa namna nyingine. Ibara ya 67 inamtaka mgombea ubunge awe mwanachama wa chama na awe amependekezwa na chama, na Ibara ya 71 inamwondolea ubunge anayeacha kuwa mwanachama wa chama kilichompeleka bungeni. Ndiyo maana Maulid Mtulia wa Kinondoni, aliyekuwa CUF, na Godwin Mollel wa Siha, aliyekuwa CHADEMA, walipohamia CCM Desemba 2017 walilazimika kwanza kuuacha ubunge, kisha wakarudi kwa wananchi katika uchaguzi mdogo wa tarehe 17 Februari 2018, ambao wote wawili walishinda. Kenya nayo, katika Ibara ya 103 ya Katiba ya 2010, inamvua kiti mbunge aliyekihama chama kilichomdhamini. Mkanada hana kizuizi cha aina hiyo. Anahama mahali pa kuketi tu, na kwa kuwa wabunge wa serikali huketi upande wa kulia wa Spika na wapinzani upande wa kushoto, Wakanada husema mbunge wa namna hiyo amevuka ukumbi.

Msomaji wa Mombasa: Ugomvi ulikuwa wa nini hasa? Mtu hahami chama bure.

Ulianza na vita vya Gaza vya Mei 2021. Kiongozi wa Chama cha Kijani wakati huo alikuwa Annamie Paul, mwanasheria aliyechaguliwa Oktoba 2020, mtu Mweusi wa kwanza na mwanamke Myahudi wa kwanza kukiongoza chama kikubwa cha kitaifa nchini humo. Alitoa tamko la kuzitaka pande zote zipunguze mapigano. Atwin aliona tamko hilo halitoshi kabisa, akaandika hadharani kwamba anasimama na Palestina, akalaani mashambulizi ya anga, na akalitumia neno la ubaguzi wa rangi wa Afrika Kusini, yaani apartheid, kuieleza hali ya huko. Mbunge mwenzake Paul Manly naye alitoa kauli ya kuwatetea Wapalestina.

Hadi hapo ilikuwa tofauti ya maoni ambayo chama chochote chenye watu wazima kinaweza kuibeba. Kilichoharibu mambo ni mshauri mwandamizi wa kiongozi, ambaye aliandika mtandaoni akiwatuhumu wanasiasa kadhaa kuwa na chuki dhidi ya Wayahudi, wakiwemo wabunge wa Kijani, na kuahidi kwamba yeye na wenzake watafanya kazi ya kuwashinda katika uchaguzi. Tafakari jambo hilo, msomaji wangu: chama chenye wabunge watatu tu, na mtu wa ofisi ya kiongozi anatangaza kuwa wako watakaowang'oa. Paul hakumkana mshauri wake hadharani. Zikapita karibu wiki nne, na Atwin akaondoka akisema kwamba vurugu za ndani zilikuwa zimemzuia kuifanya kazi aliyochaguliwa kuifanya. Wabunge wawili waliobaki, Elizabeth May na Manly, walisema wazi kwamba shambulio lile ndilo lililozaa hali hiyo, ingawa wao hawakuwa na nia ya kuondoka.

Kwa hiyo katika suala la kuondoka namtetea Atwin. Lililonihuzunisha ni la siku chache baadaye, wakati, akiwa tayari Mliberali, alipotoa tamko jipya la kusema kwamba anajutia ikiwa maneno aliyoyachagua yaliwaumiza watu, na kuilegeza ile kauli iliyokuwa chanzo cha ugomvi wote. Aliyemwamini kwa sababu ya kauli ya Mei alikuwa na haki ya kuuliza mwezi Juni ni kipi alichokuwa akikitetea.

Msomaji wa Bukoba: Mbunge ni mbunge. Kuna tofauti gani ukiwa wa chama kidogo?

Tofauti ni kubwa, na watu wengi hawaioni kwa sababu imefichwa ndani ya taratibu. Katika Bunge la Kanada chama hutambuliwa rasmi kikiwa na wabunge wasiopungua 12. Chini ya hapo hakipati fedha za Bunge za kuendeshea ofisi ya chama na utafiti, hakina kiti cha kawaida katika kamati za kudumu ambako miswada huchambuliwa kifungu kwa kifungu, na nafasi zake za kumwuliza Waziri Mkuu na mawaziri maswali huwa chache mno. Wabunge watatu wa Kijani waliishi katika hali hiyo. Si wao pekee, kwani hata NDP, chama cha kale chenye historia kubwa katika masuala ya wafanyakazi na bima ya afya, kilipoteza hadhi hiyo baada ya uchaguzi wa Aprili 2025 kukiachia viti 7.

Mbunge wa namna hiyo anapofuatwa na chama tawala, anachoonyeshwa ni meza ambayo amekuwa akiitazama kupitia dirishani. Sisemi kwamba hilo linahalalisha kuhama. Nasema tu kwamba anayemhukumu aanze kwa kuujua uzito wa kishawishi chenyewe.

Msomaji wa Edmonton: Nilikichangia Chama cha Kijani kwa sababu ya Atwin. Je, fedha zangu zilihama naye?

La. Mchango uliotolewa kwa chama au kwa tawi lake la jimbo hubaki huko. Mbunge anayehama huchukua kiti chake, jina lake na uzoefu wake, na katika chama kipya huanza kuchangisha upya.

Msomaji wa Dodoma: Alipewa uwaziri kama malipo?

Hakupewa. Baadaye alifanya kazi kama katibu wa kibunge wa waziri anayeshughulikia huduma kwa wananchi wa asili, wadhifa wa kumsaidia waziri bungeni ambao haumwingizi mtu katika baraza la mawaziri. Kabla ya ubunge alikuwa katika kazi za elimu, zikiwemo za jamii hizo, kwa hiyo wadhifa ule ulilingana na kazi aliyoizoea.

Yapo hata hivyo matukio ambayo tuhuma ya malipo haikwepeki. Tarehe 17 Mei 2005 Belinda Stronach aliwaacha Wahafidhina, chama cha upinzani wakati huo, akajiunga na Waliberali wa Waziri Mkuu Paul Martin na kuingia moja kwa moja katika baraza la mawaziri, na siku mbili baadaye serikali hiyo ilinusurika katika kura ya bajeti iliyofungana 152 kwa 152, hadi Spika Peter Milliken alipotoa kura ya kuamua. Kura moja ilikuwa na thamani ya serikali nzima. La David Emerson ni zito zaidi kwangu. Alichaguliwa kama Mliberali huko Vancouver Kingsway tarehe 23 Januari 2006, na tarehe 6 Februari, wiki mbili baadaye, akaapishwa kuwa waziri katika serikali ya Wahafidhina ya Stephen Harper. Wakazi wa jimbo waliandamana wakidai arudi kwao kwa uchaguzi mdogo, naye hakurudi, wala hakugombea tena kiti hicho mwaka 2008. Katika wiki mbili hakuna sera iliyobadilika, hakuna ugomvi uliotokea, na hakuna sababu ambayo mpiga kura angeweza kuelezwa akaridhika.

Msomaji wa Zanzibar: Wapiga kura wa Fredericton walimfanya nini Atwin?

Walimrudisha, lakini kwa tundu la sindano. Uchaguzi ulifanyika tarehe 20 Septemba 2021, miezi mitatu tu baada ya yeye kuhama, na alimshinda mgombea wa Wahafidhina kwa tofauti ya takriban kura 500. Inafaa kukumbuka kwamba mwaka 2019 alishinda akiwa na takriban theluthi moja ya kura, akamwangusha Mliberali aliyekuwa akilishikilia jimbo, na kuwa mbunge wa kwanza wa shirikisho wa Kijani kuchaguliwa nje ya mkoa wa British Columbia. Ushindi huo haukutoka hewani, kwa kuwa kiongozi wa Kijani wa mkoa, David Coon, alikuwa amekwisha kushinda kiti cha bunge la mkoa mjini humo tangu 2014, na watu wa kujitolea walikuwa wamekwisha kuzunguka nyumba kwa nyumba kwa miaka. Hao ndio ninaowaonea uchungu katika kisa hiki.

Chama chenyewe kilipata pigo. Annamie Paul alishika nafasi ya nne katika jimbo la Toronto Centre na akatangaza kujiuzulu uongozi mwezi huohuo, na Manly alipoteza kiti chake, ingawa Mike Morrice alishinda Kitchener Centre.

Kwingineko hasira zimekuwa kali zaidi. Desemba 2014, mkoani Alberta, Danielle Smith, kiongozi wa upinzani wa chama cha Wildrose, alihamia chama tawala pamoja na wajumbe wenzake wanane kwa siku moja. Yeye mwenyewe alikataliwa katika kura za maoni za chama kipya, na Mei 2015 chama hicho kiliangushwa na NDP baada ya zaidi ya miaka 40 ya utawala. Smith alirudi na kuwa waziri mkuu wa mkoa mwaka 2022.

Msomaji wa Kisumu: Wote hukimbilia chama kikubwa. Hakuna aliyekwenda kinyume?

Wapo, ila ni wachache. Bruce Hyer, mbunge wa NDP kutoka kaskazini mwa Ontario, aliadhibiwa na chama chake kwa kupiga kura ya kufuta daftari la usajili wa bunduki ndefu, kama alivyowaahidi wapiga kura wake. Mwaka 2012 aliamua kuwa mbunge wa kujitegemea, na Desemba 2013 akajiunga na Chama cha Kijani. Alishindwa mwaka 2015. Kabla yake, Agosti 2008, Blair Wilson, aliyekuwa Mliberali kisha mbunge wa kujitegemea, alikuwa mbunge wa kwanza wa Kijani katika historia ya nchi hiyo, lakini Bunge lilivunjwa kabla hajaketi humo kwa jina la chama hicho, na uchaguzi ukamtoa. Anayekwenda chama kidogo hulipa gharama mwenyewe, ndiyo maana mimi humsikiliza kwa makini zaidi anapoeleza sababu zake.

Msomaji wa Toronto: Je, Kanada nayo ipitishe sheria ya kumvua kiti anayehama?

Mkoa wa Manitoba ulijaribu njia ya katikati. Sheria yake ya mwaka 2006 ilimtaka mjumbe anayekiacha chama chake aketi kama mjumbe wa kujitegemea hadi uchaguzi unaofuata, lakini mwaka 2018 sheria hiyo ilifutwa. Katika Bunge la shirikisho miswada ya kulazimisha uchaguzi mdogo imewasilishwa zaidi ya mara moja, na hakuna uliopita.

Mimi siungi mkono sheria ya kumvua mtu kiti moja kwa moja. Sheria hiyo humpa kiongozi wa chama kamba ya kumfunga kila mbunge shingoni, maana mbunge anayejua kwamba kufukuzwa uanachama ni kufukuzwa bungeni hatathubutu kupinga jambo hata akiona wazi linawaumiza watu wake. Mwaka 2019 Jody Wilson-Raybould na Jane Philpott, waliokuwa mawaziri wa Trudeau, walifukuzwa kutoka kundi la wabunge wa Kiliberali kufuatia sakata la SNC-Lavalin, kampuni ya uhandisi iliyokuwa ikikabiliwa na mashtaka ya rushwa, na kama Kanada ingekuwa na sheria ya namna hiyo, wangetolewa bungeni kwa uamuzi wa kiongozi yuleyule waliyekuwa wakimhoji. Walibaki na viti vyao, wakagombea mwaka huohuo bila chama, na wananchi wakaamua wenyewe: Wilson-Raybould alishinda, Philpott akashindwa.

Ningependa anayehama kwa hiari aige mfano wa wabunge wawili wa Uingereza, Douglas Carswell na Mark Reckless, ambao mwaka 2014 waliwaacha Wahafidhina wa nchi hiyo na kuhamia UKIP, chama kilichotaka Uingereza ijitoe Umoja wa Ulaya. Sheria ya nchi yao haikuwalazimisha kurudi kwa wapiga kura, lakini walijiuzulu, wakagombea upya katika uchaguzi mdogo, na wote wawili wakashinda. Sikubaliani na siasa za UKIP, lakini katika jambo hili walitenda haki, na Atwin angeweza kutenda vivyo hivyo.

Msomaji wa Bujumbura: Sasa yuko wapi?

Aliendelea kuwa mbunge wa Kiliberali hadi uchaguzi wa Aprili 2025, ambao hakugombea. Jimbo, ambalo sasa linaitwa Fredericton—Oromocto, lilichukuliwa na Mliberali mwenzake, mwanamuziki David Myles. Chama cha Kijani kilitoka katika uchaguzi huo na mbunge mmoja tu, Elizabeth May.