Chujio la masizi: litambue kabla hujalifungua

Kwenye magari ya dizeli utakutana mapema na taa ya dashibodi yenye kisanduku kilichojaa vidoti. Ni taa ya chujio la masizi, ambalo mafundi huliita DPF. Usikimbilie spana. Nimeona katalaiza, kopo jirani linalosafisha gesi za sumu za ekzosi, ikifunguliwa na kuoshwa kwa bidii kubwa, chujio lenyewe likiwa halijaguswa.

Vyote viwili ni makopo ya chuma kwenye njia ya ekzosi, na mara nyingine vimo ndani ya kopo moja. Tafuta vijibomba viwili vyembamba, kimoja kabla ya chujio na kingine baada yake, vinavyopanda hadi kwenye sensa inayopima tofauti ya mgandamizo. Baadhi ya magari yana kimoja tu, basi usiape kwa hesabu hiyo. Kopo likiwa wazi, mulika tochi: katalaiza hupitisha mwanga, chujio halipitishi, kwa sababu vitundu vyake vimezibwa kwa kupishana kama ubao wa drafti. Umri wa gari pia husaidia. Peugeot 607 ilikuwa nalo tangu mwaka 2000, na magari madogo ya dizeli ya Euro 5, kiwango cha Ulaya cha usafi wa moshi, karibu yote yanalo. Petroli za siku hizi zinazopuliza mafuta ndani ya silinda nazo nyingi zina la kwao.

Huko kuzibwa ndiko kunakofanya kazi. Moshi ukiingia kitunduni hukuta mwisho umefungwa, ukalazimika kupenya ukuta wa kauri kwenda kitundu jirani. Masizi hubaki ukutani. Yakizidi, kompyuta ya injini huongeza dizeli kidogo baada ya mwako ili joto lipande hadi kama 600°C, yaungue. Dereva wa safari fupi fupi huzima gari kabla kazi haijaisha; dizeli ile ya ziada huteremka kwenye oili. Ukichomoa kijiti ukakuta oili imepanda kuliko ulivyoijaza, umepata dalili.

Tenganisha masizi na majivu. Majivu hutokana na viungo vya oili, na hayaungui hata uchome vipi. Chujio lililojaa majivu hutolewa likaoshwe, au likabadilishwa. Ndiyo maana injini hizi hutaka oili maalumu isiyoacha majivu mengi.

Pitisha kidole ndani ya bomba la nyuma, injini ikiwa imepoa. Kikitoka cheusi tii, chujio limepasuka au kuna aliyelitoboa. Likijaa masizi upesi mno, kwangu mimi mshukiwa wa kwanza ni nozeli ya kupuliza dizeli inayovuja, au tabo (kisukuma hewa cha injini) inayopitisha oili. Kuliosha tu ni kuahirisha.

Siku utakapoiamuru kompyuta ya injini ichome masizi gari likiwa limesimama, pima oili kwanza, kisha liegeshe nje, mbali na nyasi kavu na matambara.