Mafundi wako wanakusoma kwenye hela na kwenye ulimi

Ninasimamia karakana ya kushona sare za shule Kariakoo. Mafundi wangu wengi wamenizidi umri, na wapo waliokuwa wanakanyaga cherehani kabla sijazaliwa. Kila asubuhi naanza mimi: shikamoo mzee, shikamoo mama. Kijana mmoja anayefungua karakana yake Temeke aliniuliza kama hilo halinipunguzii mamlaka. Nikamjibu kwamba mzee uliyemwamkia kwa adabu saa mbili, saa tano ukimwambia mshono huu naomba ufumue, atafumua bila kinyongo. Haya mengine nayaandika kwa ajili yake, na kwa yeyote aliyeanza kuwa na watu chini yake.

Anza na hela. Tarehe uliyotamka ndiyo hiyo hiyo ulipe. Dar hii wenye nyumba wengi wanataka kodi ya miezi kadhaa kwa mkupuo, na fundi ameshatoa ahadi kwa kutegemea neno lako. Ukichelewa, unamfanya yeye aonekane mwongo kwa mwenye nyumba na kwa mangi wa duka anakokopa unga. Kama hela haipo, waambie kabla siku haijafika, na useme wewe mwenyewe, usimtume karani. Na makato ya NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii unaomlipa mtu pensheni, uyapeleke. Mchango ni asilimia 20 ya mshahara, na mfanyakazi anaweza kukatwa hadi nusu yake. Mwajiri anayekata halafu akakaa nazo anamwibia mtu uzee wake, sina neno laini zaidi ya hilo.

Ulimi ni mgumu kuliko hela. Desemba, shule zikikaribia kufunguliwa, karakana huwa haina pa kukanyaga. Msimu mmoja mkataji wangu alikata kaki ya suruali kwa kiuno cha 26, na oda ilikuwa 28. Tuligundua pisi zikiwa zimeshafika kwenye ovaloki, mashine ya kufunga kingo za kitambaa. Cherehani zote zikanyamaza, watu wakingoja nifoke. Nikamwita nje, kwenye ngazi, nikamuuliza, "Kaka, ilikuwaje?" Akatoa karatasi ya vipimo mfukoni. Tukaisogeza kwenye mwanga tukaiangalia wote wawili: ile nane haikufungwa juu, imekaa kama sita kabisa. Aliyeiandika alikuwa kijana wa kupokea oda, ambaye siku hiyo hakuwepo hata kazini. Kama ningeanza kwa matusi mbele ya watu, ile karatasi ingebaki mfukoni na mimi ningeendelea kuamini nina mkataji mzembe. Tangu hapo kila kipimo kinaandikwa kwa tarakimu na kwa maneno.

Kuna wenye karakana ambao wangemkata mshahara hapo hapo. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 hairuhusu hivyo. Lazima hasara iwe imetokana na kosa lake akiwa kazini, umwandikie sababu na kiasi unachodai, umpe nafasi ya kujitetea, na makato yasizidi robo ya mshahara wake. Soma sheria hiyo kabla hujaajiri hata mtu mmoja.

Ile oda ilichelewa, na aliyekwenda kumwona mkuu wa shule ni mimi. Nilisema tumechelewa na kosa ni letu, basi. Jina la mkataji halikutajwa wala la kijana. Wakubwa wetu wanakumbuka kwamba miaka ya 1970 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa mambo ya ndani baada ya watuhumiwa kufia mikononi mwa vyombo vya dola huko Mwanza na Shinyanga. Si yeye aliyewatesa, lakini wizara ilikuwa yake. Mwaka 1985 akawa Rais. Naona bosi anayemsukumia mteja jina la fundi bado hajakubali kwamba karakana ni yake.

Kisha kuna cha juu. Mhasibu wa shule moja alikuja na oda nono, akataka risiti isomeke bei kubwa kuliko tuliyokubaliana, tofauti achukue yeye. Mafundi walisikia kila neno, maana kwetu hakuna ofisi, kuna pazia tu. Nikamwambia risiti itatoka na bei yetu ile ile. Akaenda kwa mwingine. Mwezi ule kazi ilipungua, wanaolipwa kwa pisi wakaumia, fundi mmoja hodari akahama. Niliwaeleza wazi kwa nini oda imeondoka, wengine walinielewa, wengine hawakunielewa, na ni haki yao. Lakini mimi ndiye ninayewakataza wasibebe uzi kwenda nao nyumbani. Ningewakataza kwa mdomo gani?

Ndugu nao ni mtihani. Mvua za masika zikifurika Jangwani na barabara ikafungwa, fundi anayetoka Kimara akiingia saa nne hana kosa, simkati wala simuulizi mara mbili. Mpwa wangu anakaa Ilala, anakuja kwa miguu, na alikuwa anaingia saa nne hata kukiwa na jua. Nikampa onyo la maandishi kama ambavyo ningempa mwingine. Dada yangu akapiga simu, "Kaka, kweli umemwandikia mtoto wetu barua?" Nikasema ndiyo. Katika ahadi za mwanachama wa TANU, chama kilichodai uhuru wa Tanganyika, ilikuwamo hii: cheo ni dhamana, sitakitumia cheo changu wala cha mtu mwingine kwa faida yangu. Kumlinda mpwa wangu kungekuwa faida yangu, na gharama angelipa yule wa Kimara.

Jambo la mwisho ni saa za kazi, kwa kuwa Desemba ndiyo inayotupima. Sheria inasema saa 45 kwa wiki, na saa ya ziada hulipwa angalau mara moja na nusu. Ukimbakiza mama mpaka saa nne usiku, uliza pia atafikaje Chanika. Sisi hela ya usafiri wa usiku tunaiweka ndani ya bei ya oda tangu siku ya makubaliano, na wateja wengi ukiwaeleza ni ya nini wanakubali.