Jedwali laonekana, herufi hakuna

SWALI: Ndugu wataalamu, nimeunda programu ya kutazama faili za DVI (kurasa zilizokwisha pangwa) zinazotoka TeX, programu ya kupanga matini, kabla ya kuchapa. Nataka kuigawa bure. Nilipompa mwenzangu hapa Sinza, aliona mistari ya jedwali tu, maneno hakuna. Kwangu iko sawa. – Msomaji, Kijitonyama

JIBU: Ndugu yetu, usiitoe bado. Faili la DVI halibebi fonti, yaani maumbo ya herufi. Lina majina ya fonti na mahali pa kila herufi. Mstari hauhitaji fonti, ni urefu na upana tu, ndiyo maana jedwali lilionekana. Bila shaka umeandika njia ya folda ya fonti ya kompyuta yako ndani ya msimbo, na mwenzako hana folda hiyo. Iondoe, fonti zitafutwe kwa kpsewhich, zana ya TeX ya kutafuta faili zake. Fonti isipopatikana, programu isijifunge: ichore kisanduku kitupu mahali pa herufi na itaje jina la fonti inayokosekana, mtumiaji ajue cha kusakinisha.

Halafu leseni. Kusema “bure” hakutoshi, maana bila leseni sheria ya hakimiliki inamzuia mwingine kuibadili au kuisambaza. Weka matini kamili ya GPL au MIT, leseni za programu huria, pamoja na programu. Sisi tunapendelea GPL: anayesambaza toleo aliloliboresha hulazimika kutoa na msimbo wake.