Mizani Imegoma: Majibu kwa Wasomaji Wanaopunguza Mwili

Barua nyingi tulizopokea zinauliza jambo moja kwa maneno tofauti: nilikuwa napungua vizuri, sasa mizani haisogei. Tumechagua tano.

Nina miaka 38. Mwezi wa pili nilikuwa na kilo 92. Nikaacha soda, maandazi ya asubuhi na kula usiku, na kufikia Juni nikawa na kilo 84. Tangu hapo, wiki ya sita hii, ni 84, mara 84.5, mara 83.8, kisha 84 tena. Ugali nimeupunguza hadi donge dogo na bado. Mwili umezoea? — Mama Wawili, Morogoro

Mama Wawili, kwanza zihesabu hizo kilo nane. Ni karibu asilimia 9 ya uzito ulioanza nao, na kwa watu wengi shinikizo la damu na sukari huanza kupata nafuu wakishapungua asilimia 5. Hujashindwa. Hesabu ndiyo imebadilika.

Mwili kuzoea ni kweli, lakini nusu tu. Mwili wa kilo 84 hutumia nguvu kidogo kuliko wa kilo 92, kama gari lililoshusha mzigo. Kwa kila kilo inayoondoka, matumizi ya siku hushuka kwa kilokalori (kipimo cha nguvu ya chakula) 20 hadi 30, kwa hiyo kilo nane ni kama 200. Njaa nayo hupanda. Mafuta ya mwilini hutoa homoni iitwayo leptini, inayouambia ubongo kwamba akiba ipo. Akiba ikipungua, leptini hushuka na ubongo huanza kudai. Watafiti wanakadiria kwamba hamu ya kula huongezeka kwa kilokalori kama 100 kwa siku kwa kila kilo iliyotoka. Sasa tazama: soda moja na maandazi mawili uliyoacha vilikupa pengo la takriban 500 kwa siku kati ya unachokula na unachotumia. Wepesi wa mwili umekula 200. Limebaki pengo la 300, na 300 ni vijiko vikubwa viwili na nusu vya mafuta ya kupikia. Hapahitajiki kosa kubwa ili lizibe.

Kabla ya kupunguza tonge jingine, hakikisha uzito umesimama kweli. Mizani hupima maji, chumvi, chakula kilichomo tumboni na mafuta ya mwilini kwa pamoja. Mlo mmoja wa ng'onda au pilau yenye chumvi nyingi unaweza kuongeza kilo nzima ya maji. Siku za kabla ya hedhi wanawake wengi hubeba maji ya kilo moja hadi mbili. Choo kigumu nacho huonekana kwenye mizani. Kwa hiyo pima asubuhi, baada ya kwenda chooni na kabla ya chai, ukiwa na nguo zilezile, mizani ikiwa juu ya sakafu ngumu, kwa sababu juu ya zulia au mkeka hudanganya. Andika kila siku, jumlisha siku saba, gawanya kwa saba. Wastani wa wiki hii linganisha na wa wiki kama hii mwezi uliopita, ili hedhi isikuchanganye. Chukua pia futi ya fundi cherehani, pima kiuno katikati ya ubavu wa chini kabisa na mfupa wa nyonga, baada ya kutoa pumzi, bila kubana tumbo. Wastani usiposhuka kwa wiki nne na kiuno kisipungue hata sentimita moja, hapo umesimama. Kiuno kikishuka huku mizani imetulia, endelea vilevile.

Ikiwa umesimama kweli, usianze na ugali. Anza na mafuta. Nunua chupa ya lita moja, andika tarehe juu yake kwa kalamu, na pika kama kawaida. Lita moja ina kilokalori zaidi ya 8,000. Ikiisha kwa siku nne katika nyumba ya watu watano, kila mmoja anakula kama 400 kwa siku kutokana na mafuta peke yake, na hakuna anayeyaona kwenye sahani. Wanaonunua mafuta ya kupima ndio hupotea zaidi, maana hakuna chupa ya kuwaonyesha. Pima kwa kijiko kikubwa, usimimine. Kijiko kimoja ni kama kilokalori 120. Vijiko viwili kwa sufuria ya mboga ya watu watano vinatosha kukaanga kitunguu na nyanya, ukiweka moto mdogo na kuongeza maji kidogo kidogo. Tui zito nalo lihesabu kama mafuta: mililita 100 zina kama 200.

Baada ya mafuta, tafuta vitu vidogo ambavyo huviiti chakula: kuonja mchuzi, ukoko, mabaki ya sahani za watoto, karanga za kwenye daladala (gramu 50 zina kama 280), sukari ya chai. Vikombe vitatu vyenye vijiko vitatu bapa kila kimoja ni kilokalori 144, na vijiko vya nyumbani mara nyingi huwa na kichuguu. Mwaka 1992 watafiti mjini New York walipima watu waliosema hawapungui ingawa wanakula kidogo. Walikuwa wakila karibu mara mbili ya walichoandika. Hawakuwa waongo. Jicho ni kipimo kibovu, ndiyo maana tunasisitiza kijiko.

Kuhusu ugali, kinachohesabika ni unga. Gramu 100 za unga wa mahindi zina kama kilokalori 360, uwe sembe au dona. Dona hushibisha zaidi kwa sababu ya makapi, lakini nguvu ni ileile. Kilo moja ya unga kwa watu watano ni 720 kwa kila mtu. Gramu 80 hadi 100 za unga kwa mlo zinatosha mwanamke wa uzito wako, mradi nusu ya sahani iwe mchicha, kabichi au matembele, na pawe na samaki, dagaa, maharage au mayai. Protini ndiyo inayokaa tumboni, na ndiyo inayolinda misuli isiondoke pamoja na mafuta. Lenga gramu 100 hivi kwa siku. Yai moja lina 6, kikombe cha maharage yaliyopikwa kama 15.

Chagua badiliko moja lenye thamani ya 200 hadi 300, lishike wiki nne, kisha pima. Ukibadilisha mambo matano kwa mkupuo hutajua lipi limefanya kazi. Usishuke chini ya kilokalori 1,200 kwa siku bila mtaalamu wa afya kukufuatilia. Na ikiwa umeanza dawa mpya karibuni, mtajie daktari uzito wako: sindano ya uzazi wa mpango, prednisoloni, amitriptilini na baadhi ya dawa za kufubaza virusi huweza kuongeza uzito. Usiziache kwa uamuzi wako mwenyewe.

Natembea kilomita tano kila jioni, mwezi wa tatu huu. Nimepungua kilo moja tu. Nikimbie? — Kijana wa Nakuru

Hapana haja ya kukimbia, ila ujue kutembea kunalipa kiasi gani. Mtu wa kilo 80 akitembea kilomita tano anachoma kama 200 hadi 250 zaidi ya ambazo angetumia akiwa amekaa. Chapati moja ya unga gramu 60 na vijiko viwili vya chai vya mafuta ina 300. Wengi hutembea, hurudi na njaa, hujilipa kwa chapati, kisha hukaa kitako jioni nzima kwa uchovu. Matembezi yamekwisha kufutwa.

Endelea kutembea, kwa sababu yanasaidia moyo na sukari, na waliopungua hubaki chini kwa urahisi zaidi wakiwa watu wa kutembea. Ongeza siku mbili kwa wiki za kazi ya misuli: kukaa na kuinuka kwenye kiti mara 10 hadi 12, kusukuma ukuta au sakafu, kunyanyua ndoo iliyojaa nusu, kila kimoja mizunguko mitatu. Wiki mbili za mwanzo misuli huvuta maji na mizani inaweza kupanda. Usishtuke. Upungufu wenyewe utautoa kwenye sahani.

Nina kisukari, ninatumia glibenklamaidi. Nimepungua kilo sita, lakini sasa natetemeka na kutoka jasho saa tano asubuhi, basi nakunywa soda. Uzito umesimama. — Mzee, Tanga

Mzee wetu, shikamoo. Hili lisisubiri: nenda kliniki wiki hii, na uende na daftari la vipimo vyako. Glibenklamaidi huilazimisha kongosho kutoa insulini hata kama umekula kidogo. Ulipokuwa mzito na ukila zaidi, dozi ile ilikuwa sawa. Sasa huenda ni kubwa, sukari inashuka mno, na soda unayokunywa kujiokoa ndiyo inayorudisha kilokalori ulizopunguza. Mizani imesimama kwa sababu ya dozi. Wewe huna uzembe wowote. Daktari anaweza kupunguza dozi au kubadilisha dawa. Usiipunguze mwenyewe, na usiruke mlo huku ukimeza kidonge.

Hadi utakapomwona, ukihisi dalili, pima kama una kipimo. Ikiwa chini ya 4 (mmol/L), au huna kipimo, kunywa vijiko vinne vya chai vya sukari katika maji, subiri dakika 15, pima tena au sikiliza mwili. Zisipoondoka, rudia. Zikiondoka, kula kitu chenye wanga, kama ndizi au kipande cha mkate. Ukitumia soda mahali pa sukari, nusu chupa ya mililita 300 inatosha. Si lazima uimalize yote. Waeleze walio nyumbani: ukizidiwa na usiweze kumeza, wasikutie kitu mdomoni, wakukimbize hospitali.

Kuna chai ya kupunguza mwili inauzwa mtandaoni. Rafiki yangu amepungua kilo tatu kwa wiki. — Dada, Mombasa

Dada, nyingi za chai hizo zina sena, jani la kuharisha. Kinachotoka ni maji na kinyesi, na kilo zinarudi ukinywa maji siku mbili. Ukiitumia kwa muda mrefu, potasiamu hushuka na matumbo huzoea kuharishwa. Baadhi ya vidonge na vinywaji vya aina hii vimewahi kukutwa na sibutramini iliyofichwa, dawa iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Usinywe, hasa ukiwa na presha, ujauzito au mtoto wa kunyonya.

Jumatatu hadi Ijumaa najitahidi sana. Jumamosi kuna shughuli, Jumapili wageni, Jumatatu mizani imepanda kilo moja na nusu na nakata tamaa. Mawifi nao wananiuliza, "Mbona umekonda, unaumwa?" Nimechoka. — Dada, Kigamboni

Dada, uchovu huo una sababu mwilini. Mwaka 1944 na 1945, katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys aliwalisha wanaume 36 wenye afya kama nusu ya chakula walichozoea kwa miezi sita. Watu wazima wale wakawa wanawaza chakula kutwa, wengine wakakusanya vitabu vya mapishi. Wewe hujinyimi kiasi hicho, lakini upande uleule wa ubongo ndio unaokusumbua. Usijilaumu kana kwamba ni tabia mbaya.

Hesabu yako ya wiki ni hii. Ukijibana 400 kwa siku tano, umeweka akiba ya 2,000. Jumamosi ukizidisha 1,000 (sahani ya pili ya pilau, soda mbili, kalimati) na Jumapili 1,000 nyingine, akiba imekwisha. Jibane kidogo zaidi ya hapo katikati ya wiki na utalipuka zaidi mwisho wake. Afadhali 300 kila siku, Jumamosi ikiwemo, kuliko 400 zinazovunjika.

Ile kilo moja na nusu ya Jumatatu haiwezi kuwa mafuta. Kutengeneza kilo moja ya mafuta kunahitaji kilokalori kama 7,700 za ziada. Hayo ni maji: mwili huweka akiba ya wanga iitwayo glaikojeni, na kila gramu yake hushika gramu tatu hivi za maji, chumvi ya pilau ikiongeza yake. Huondoka kwa siku tatu au nne ukirudi kwenye chakula cha kawaida. Wanaokata tamaa Jumatatu ndio huibadilisha kuwa mafuta kwa kula wiki nzima.

Mawifi wana sababu yao, kwa kuwa kwetu kukonda bado kunasomwa kama maradhi au shida ndani ya nyumba. Ukiwaeleza mambo ya kalori watabishana nawe. Andaa jibu moja fupi na ulirudie kila mara: "Niko salama, nalinda presha." Kisha chagua mtu mmoja wa nyumbani, mume au mama mkwe, umweleze kila kitu, ili ukikataa sahani ya pili awepo wa kukutetea. Na usipike vyungu viwili. Chungu kile kile chenye mafuta ya kupima kinawafaa wote.

Badala ya kuhesabu kilo, kwa mwezi mmoja hesabu siku ulizopima mafuta kwa kijiko na siku ulizotembea nusu saa. Hizo ziko mikononi mwako, mizani haiko. Ikiwa umejibana miezi mitatu mfululizo na umechoka kabisa, chukua wiki mbili za kula kwa kiasi cha kubaki pale ulipo: ongeza chapati moja au wali kidogo kwa siku, mafuta yaendelee kupimwa, mizani ikitarajiwa kupanda kilo moja ya maji. Pumziko hilo huirudisha nia kwa wengi, na nusu kilo kwa mwezi baada ya hapo ni mwendo mzuri.

Jumamosi ijayo, kabla ya kutoka, kula mayai mawili au kikombe cha maharage na glasi mbili za maji. Shughulini chukua sahani moja, nyama na kachumbari kwanza, wali baadaye, soda moja au usichukue kabisa. Jumapili kula mlo wako wa kawaida bila kufunga ili kulipia. Na usipande mizani hadi Jumatano.