Barua ya OSHA: hizo siku 15 unazihesabuje?

SWALI: Shikamoo anko. Niko Busia ya Uganda, kaka yangu ana kampuni ndogo ya kuezeka mapaa huko Texas, makaratasi yake namfanyia mimi kwa simu. Wameletewa notisi na OSHA, ati mafundi walikuwa juu bila mikanda ya usalama, na faini iko. Barua waliipokea Jumatatu tarehe 1 Juni, wakapewa siku 15 za kazi za kupinga. Nimetoa wikendi, Siku ya Mashahidi na Siku ya Mashujaa, nikapata tarehe 24. Tuko sawa? Kaka alishampigia ofisa simu akamwambia hatukubali.

JIBU: Marahaba binti yangu. Mimi jina hilo la OSHA mara ya kwanza nilidhani ni mambo ya vyombo, lakini hao ndo wakaguzi wa usalama kazini wa serikali ya Marekani na hawachezi na kalenda. Tarehe 24 mmeshachelewa! Tarehe 3, Siku ya Mashahidi, sisi tuko Namugongo kuhiji, wao wako ofisini, na tarehe 9, Siku ya Mashujaa, hivyohivyo, sikukuu zinazotolewa ni zao za shirikisho peke yake. Mwezi huo wanayo moja tu, tarehe 19 ambayo ni Ijumaa. Sasa anza kuhesabu Jumanne tarehe 2, ruka wikendi, ruka hiyo 19, ya 15 inaangukia Jumanne tarehe 23.

Ile simu nayo haihesabiki. Huku tumezoea ukishaongea na mkubwa mambo yameisha, kule kupinga ni kwa maandishi, kwenda kwa mkurugenzi wa ofisi ya eneo iliyotoa notisi, muhuri wa posta usipite siku ya 15. Andikeni wazi mnapinga nini, kosa lenyewe, faini, ama muda wa kurekebisha, au vyote. Kaka anaweza pia kuomba kikao cha kuongea nao, mara nyingi faini hupungua hapo, ila watu wengi wanaumia hapohapo maana wanakaa wanangoja kikao na siku zinakwenda, kikao hakisimamishi saa. Zikipita kimya, notisi inakuwa amri ya mwisho, hata kotini hamuendi nayo.

Na msiifiche kwenye droo, ibandikwe karibu na pale kosa lilipoonekana, siku 3 za kazi au mpaka kosa lirekebishwe, ile itakayokuwa ndefu, hata kama mnapinga.