Nyumba ya zamani na rilei za waifai: usichimbe ukuta, nyutro iko darini

Mkuu swali lako naulizwa sana hapa Mbeya kwa hiyo nakujibu kwa kirefu, na wengine wenye nyumba kama yako wasome. Umesema mmeachiwa nyumba na mzee iko Forest ya Zamani, unataka kuwasha taa kwa simu kwa kufunga rilei za waifai (vile vidude vidogo vinavyowasha na kuzima taa kwa amri ya simu), ila swichi za ukutani zibaki zilezile maana bi mkubwa hataki kuhangaika na simu, na fundi kakwambia lazima mchimbe kuta mvute nyutro mpya (ule waya wa pili unaokamilisha njia ya umeme) mpaka kwenye kila swichi. Usichimbe kwanza. Nyutro unayo, ila haipo kwenye swichi, ipo juu ya dari pale taa inaponing'inia.

Mimi kazi yangu ni umeme, na nyumba za zamani nilizofungua za Uhindini, Forest mpaka za Gangilonga kule Iringa, nyingi zimefungwa kwa mtindo uleule wa Waingereza. Laivu (waya unaoleta umeme) na nyutro zinatoka kwenye boksi la fyuzi zinapita darini, zinaruka kutoka taa hii kwenda taa ile, afu kwenye kila taa zinashushwa waya mbili tu kwenda swichi: moja inashusha laivu, nyingine inairudisha juu ikishakatwa na swichi. Basi. Kwa swichi ya kawaida hizo mbili zinatosha kabisa, ila rilei ni kifaa chenye saketi ndani, inahitaji umeme wake yenyewe masaa yote hata taa ikiwa imezimwa, ndo maana inadai nyutro.

Sasa hapa ndo watu wanaunguza vitu, naomba usome taratibu. Ukifungua swichi unaweza kukuta waya mwekundu na mweusi. Rangi za zamani nyekundu ni laivu na nyeusi ni nyutro (siku hizi ni kahawia na bluu), kwa hiyo mtu anaona mweusi anasema hii hapa nyutro. Anachukua multimita anapima kati ya nyekundu na nyeusi swichi ikiwa imezimwa, inasoma 230V kama kawaida, anaamini kabisa. Ule mweusi sio nyutro, ni waya wa kurudisha, fundi wa enzi hizo alitumia kebo ya waya mbili na hakuweka alama yoyote. Mita inasoma 230V kwa sababu umeme unapita kupitia balbu kwenda kwenye nyutro ya juu. Kagua hivi: toa balbu kwenye holda, pima tena. Kama volti zimepotea au zimebaki vivolti vya kuelea, huo ni waya wa kurudisha, sio nyutro. Kama bado inakaa 230V imara, hapo kweli una nyutro au kuna taa nyingine imeungwa pamoja, fuatilia.

Ukiifunga rilei kwenye hizo mbili ukidhani una nyutro, utaona kitu cha ajabu: inawaka, unabonyeza simu, rilei inasikika tak, taa inawaka nusu sekunde inazima, inawaka tena inazima. Watu wanarudisha dukani wanasema mbovu. Sio mbovu, rilei ikifunga njia inakuwa imejikatia umeme wake wenyewe, inazimika, ikizimika inaachia, umeme unarudi, inaanza upya. Itaendelea hivohivo mpaka ife.

Njia ninayoipenda mimi ni kupanda juu. Zima mein swichi, hakikisha kwa testa, ingia darini, nenda kwenye ile taa, pale utakuta laivu, nyutro, waya wa kwenda swichi na waya wa kurudi, vyote vinne sehemu moja. Weka rilei hapohapo ndani ya jankshen boksi ya plastiki yenye mfuniko, usiiache inalala juu ya mbao za dari na konekta zikiwa wazi, maana panya wa darini nawajua, na mbao za nyumba hizo zimekauka miaka 50. Laivu na nyutro zinaingia kwenye rilei, waya wa kutoka unaenda kwenye taa, na zile mbili za swichi zinakuwa za kutoa taarifa tu kwamba mtu kabonyeza. Ukuta haujaguswa, swichi ya mzee inabaki palepale inafanya kazi kama zamani.

Ila angalia umenunua nini, hapa zinatofautiana. Sonoff Mini matundu ya S1 na S2 hayataki umeme kabisa, unatoa waya zote mbili za swichi kwenye laivu ndo unaziingiza hapo. Shelly 1 yenyewe ile SW inataka laivu iliyopita kwenye swichi, kwa hiyo waya mmoja unabaki kwenye laivu na ule wa kurudi ndo unaingia SW. Ukichanganya hizi mbili, ukapeleka laivu kwenye S1 ya Sonoff, ukiwasha mein ndo imekwisha. Na kama swichi yako ni ya vitufe viwili au vitatu, mara nyingi laivu inaruka ndani ya swichi kutoka kitufe kimoja kwenda kingine, hapo Sonoff inakuwa usumbufu, chukua aina inayokubali laivu.

Kuna sebule nyingine dari halifikiki, wameweka jipsam juu ya lile la zamani. Hapo ndo utumie zile rilei zisizohitaji nyutro, zipo, zinaiba umeme kidogo kupitia balbu. Tabu yake balbu za LED za wati 3 au 5 zinabaki zinawaka kwa mbali usiku au zinachezacheza, inabidi ufunge kapasita ndogo sambamba na taa kwenye holda. Sizichukii ila sio chaguo langu la kwanza.

Kitu kimoja nakukataza kabisa: usiazime nyutro ya soketi ya jirani ukaipeleka kwenye taa kwa kuwa tu iko karibu. Ukiwa na RCD, ile breka inayokata umeme ukivuja, yenye kitufe cha testi, na saketi hizo mbili hazipiti kwenye RCD moja, itakuwa inaanguka kila ukiwasha taa. Bila RCD ni hatari zaidi, kuna siku fundi atatoa fyuzi ya soketi, atafungua nyutro akijua hapo pamekufa, kumbe ina umeme unaorudi kutoka kwenye taa. Watu wanapigwa shoti hivo.

Kabla hujanunua hata rilei moja, angalia waya zenyewe. Kama nyumba ni ya kabla ya uhuru unaweza ukakuta waya za mpira. Shika moja ukunje taratibu umeme ukiwa umezimwa, kama ngozi inapasuka na kumwagika kama makaa, hapo hakuna rilei wala nini, ni waya mpya nyumba nzima. Kama ni PVC bado laini, mwambie fundi apime uimara wa ngozi ya waya kwa Megger (mita ya kazi hiyo) ya 500V, isishuke chini ya megaohm 1. Na zile fyuzi za kauri za kufunga waya, fungua uone wamefunga nini. Za taa zinatakiwa waya wa 5A, nimekuta uzi mzito wa shaba umezungushwa humo ambao hata nyumba iungue wenyewe haukatiki. Rilei imeandikwa 10A, nyuma yake kuna shaba ya kubeba 40A, nani atakatika kwanza? Weka breka za 6A kwa taa. Kazi hiyo afanye fundi mwenye leseni ya EWURA, na sili za mita ya LUKU msiziguse.

Halafu radi. Huku kwetu kuanzia Novemba mpaka Aprili mnajua wenyewe, na Tukuyu ndo usiseme. Taa ya kawaida inavumilia, rilei ina vifaa vidogo vya elektroniki vinakufa kimyakimya. Funga SPD (kifaa cha kuzuia mshtuko wa umeme wa radi) pale mein swichi, lakini haitakusaidia kama ethi, yaani waya wa kwenda ardhini, haipo, na nyumba nyingi za zamani ile rodi ya ethi imeliwa na kutu au waya wake umeshakatwa na mtu alipokuwa analima bustani. Anza na ethi.

Umeuliza pia hita ya bafuni, kwa baridi la Juni na Julai naelewa. Shawa ya papo kwa papo ya wati 5500 inavuta karibu 24A, usiipitishe kwenye rilei ya 10A wala ya 16A. Lazima kontakta, ile swichi kubwa inayovutwa na koili, rilei iwe inaendesha koili ya kontakta tu. Pampu ya kisima hivohivo, mota inapoanza inavuta mara kadhaa ya ile namba iliyoandikwa kwenye kibandiko.

Kwenye programu ya simu, ile sehemu ya umeme ukirudi weka ibaki imezimwa, la sivyo umeme ukirudi saa nane usiku nyumba nzima inawaka. Ruta iwe na 2.4GHz, na kuta za matofali ya kuchoma zinapunguza sana mawimbi, jaribu kwa simu ukiwa kulekule darini kabla ya kufunga.

Kuhusu uniti, kila rilei inakula chini ya wati 1. Ukifunga 10 ukachukulia wati 1 kila moja ni kama uniti 7 kwa mwezi, na kama mko kwenye lile kundi la TANESCO la bei nafuu lisilozidi uniti 75 kwa mwezi, hizo 7 mtaziona. Kwa hiyo mimi ningeanza na sebule, korido na taa ya nje ya geti, vyumba viache.